Rimoti isiyo na waya kwa kamera ya dijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayetafuta rimoti ya kamera huanza na "ipi nzuri?" Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni tundu lililo ubavuni mwa kamera yako, la pili ni umbali utakaosimama, na la tatu ni kitakachokuwa kati yako na kamera. Ukishajibu matatu hayo, chaguo hubaki moja au mawili tu.

Kabla sijanunua chochote, nikague nini kwenye kamera?

Andika jina la modeli kwa ukamilifu, pamoja na namba ya toleo. Kusema "Canon ya R" hakutoshi: EOS R5 ina tundu la N3, EOS R6 ina la E3, na plagi ya moja haiingii kwa mwenzake.

Kisha fungua vifuniko vya raba vya pembeni, kimoja baada ya kingine, na usome alama zake. Tundu la rimoti mara nyingi limepakana na la maikrofoni, na yote mawili ni ya duara. La maikrofoni kwa kawaida lina upana wa milimita 3.5, la rimoti milimita 2.5. Kwenye kamera chache, kama Fujifilm X-T30, tundu moja la milimita 2.5 hufanya kazi zote mbili, na menyu ndiyo inayoamua ni ipi kwa wakati huo. Ukisahau kubadilisha menyu, rimoti nzima itaonekana mbovu.

Baada ya hapo geuza kamera uitazame usoni, upande wa mshikio. Ukiona kidirisha kidogo cheusi kinachong'aa, huenda ndicho kipokezi cha infraredi. Usikichanganye na taa ya taima. Kitabu cha maelekezo kina mchoro unaotaja kila kitu kilicho mbele ya kamera. Dakika mbili za kuusoma zinatosha.

Mwisho, ingia kwenye menyu uone kama kuna Bluetooth, na kama kuna kipengele cha kuunganisha rimoti. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Zipo kamera zenye Bluetooth inayozungumza na simu tu, na rimoti yoyote ya Bluetooth utakayoinunua haitapatana nazo.

Rimoti hizi zinatofautianaje?

Njia ni nne. Infraredi hutumia mwanga usioonekana, kama rimoti ya televisheni. Redio hutumia kipande cha mkononi na risiva inayochomekwa kwenye kamera kwa waya mfupi. Bluetooth huunganisha rimoti ndogo na kamera moja kwa moja, bila risiva. Wi-Fi hugeuza simu yako kuwa rimoti, na inaongeza jambo ambalo nyingine hazina: unaona kwenye skrini ya simu kile lenzi inachokiona.

Kwa mtu anayetaka kifaa kimoja cha kazi nyingi, tunapendekeza redio ya 2.4 GHz yenye waya unaobadilishwa. Ukibadilisha kamera kesho, unanunua waya mpya tu. Rimoti na risiva zinabaki zilezile. Infraredi na Bluetooth zinakufunga kwenye kamera zinazozikubali. Wi-Fi ni nzuri sana mpaka siku ambayo inakatika katikati ya kazi.

Plagi gani kwa kamera gani?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Canon ina plagi mbili. E3 ni ya duara, milimita 2.5, kama ya spika za masikio iliyopunguzwa. Inapatikana kwenye kamera za tarakimu tatu kama 700D na 800D, kwenye 60D, 70D, 80D na 90D, na kwenye EOS R6. N3 ni kubwa, ina pini tatu na kufuli: 5D na 7D za matoleo yote, 6D zote mbili, na EOS R5. Ukitaka kuitoa N3, shika sehemu yake ya fedha ndipo uvute. Anayevuta waya wenyewe huukata ndani ya plagi, na waya uliokatika kwa ndani hufanya kazi leo ukagoma kesho.

Nikon nayo ina mbili. Kamera zake za kazi nzito, D500, D850, Z8 na Z9, zina tundu la mviringo la pini kumi, na plagi yake hukazwa kwa kuzungusha pete. D5600, D7500, D750, Z6 na Z7 hutumia plagi bapa inayofahamika kwa jina la waya wake, MC-DC2. D3500 na Z50 hazina tundu lolote la rimoti ya waya, kwa hiyo risiva ya redio haina pa kuchomekwa.

Sony kwa miaka mingi imetumia tundu iliyoliita Multi, ambalo kwa macho ni kama micro USB lakini lina pini za ziada. Waya wa kawaida wa kuchajia simu unaingia humo vizuri kabisa na haufyatui picha, kwa sababu pini zinazohitajika hauna.

Fujifilm X-T3, X-T4 na X-T5 hutumia milimita 2.5. Panasonic pia hutumia plagi ya milimita 2.5, ila kwa ndani ni mfumo mwingine: kamera husoma ukinzani wa umeme ili ijue umebonyeza nusu au mpaka mwisho. Ndiyo maana waya wa Canon E3 huingia kwenye Panasonic bila shida na hakuna kinachotokea. Kuingia kwa plagi si ushahidi wa kupatana.

Risiva inakaa juu pale pa flashi. Waya wa nini tena?

Sehemu ya flashi hapo inashikilia risiva tu. Pini ya katikati ya sehemu hiyo ni njia ya kutoka: kamera ikifungua shata (pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye sensa), inaiambia flashi iwake. Kwa kawaida haipokei amri ya kupiga picha. Amri hupita kwenye waya unaotoka kwenye risiva kwenda tundu la ubavuni. Risiva iliyokaa juu ya kamera bila waya itawasha taa yake vizuri kila ukibonyeza, na kamera itabaki kimya. Kosa hili humpata kila mgeni wa vifaa hivi, na vijitabu vingi vinavyokuja na risiva havilisemi waziwazi.

Kwa hiyo kwenye boksi hakikisha kuna vitu vitatu: rimoti, risiva na waya wa plagi yako. Risiva moja huuzwa na waya tofauti tofauti, na muuzaji akikosea herufi moja ya namba ya bidhaa, unapata waya wa kamera nyingine.

Infraredi inatosha lini?

Picha ya familia, ndani ya nyumba, wewe ukiwa mbele ya kamera. Hapo inatosha na hakuna kifaa chepesi zaidi. Canon RC-6 na Nikon ML-L3 ni vipande vidogo vya kuingia mfukoni, na umbali wao ni takriban mita 5.

Shida zake zinatokana na kuwa ni mwanga. Lazima ukione kidirisha cha kamera na chenyewe kikuone. Ukisimama nyuma ya tripodi, rimoti haifiki, isipokuwa kamera iwe na kipokezi cha nyuma pia, kama baadhi ya Nikon. Kofia ndefu ya lenzi hukizuia kidirisha. Jua kali likikipiga kipokezi, umbali wa mita 5 unaweza kushuka hadi mita 1 au 2, kwa kuwa jua lenyewe limejaa infraredi na ishara ndogo ya rimoti inamezwa.

Kuna ujanja wa kujua kama rimoti ya infraredi iko hai. Washa kamera ya simu, ielekeze kwenye ncha ya rimoti, bonyeza. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimeta kwenye skrini, inatoa ishara. Jaribu kwa kamera ya mbele ya simu; ya nyuma mara nyingi ina kichujio kikali kinachoficha mwanga huo.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa kweli?

Ni wa kweli uwanjani, pasipo kizuizi, betri zikiwa mpya na rimoti imeinuliwa juu. Boksi likisema mita 100, panga kazi yako kwa mita 30 au 40.

Sababu ni ya kifizikia. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na hufyonzwa vizuri sana na maji. Mwili wa binadamu, majani mabichi na ukuta wenye unyevu vyote vimejaa maji. Ukiishika rimoti tumboni huku umeipa kamera mgongo, mwili wako ndio ukuta. Rimoti za 433 MHz zina wimbi la karibu sentimita 69, na kwa hiyo hupenya vichaka na kuta vizuri zaidi. Ila masafa hayo hayaruhusiwi kila nchi, ilhali 2.4 GHz inakubaliwa karibu duniani kote. PocketWizard, kwa mfano, hutengeneza vifaa vya 344 MHz kwa soko la Marekani na vya 433 MHz kwa Ulaya, na hivyo viwili havisikilizani.

Ukitaka kupata mita zaidi bila kununua kitu, fanya haya. Inua risiva juu ya kamera badala ya kuiacha ining'inie kando ya miguu ya tripodi ya chuma. Ielekeze upande ulipo. Iweke mbali na ruta ya Wi-Fi, na uzime Wi-Fi ya kamera yenyewe kama huitumii, maana iko masafa hayohayo, sentimita chache kutoka kwenye risiva. Badilisha chaneli. Kisha rudi nyuma hatua kumi kumi ukibonyeza mara tano kila unaposimama. Pale itakapokosa hata mara moja kati ya tano, huo ndio mpaka wako. Fanya kazi kwa nusu yake.

Taa ya risiva inawaka lakini kamera haipigi. Tatizo ni nini?

Mara nyingi sana ni fokasi. Ili kuelewa, tazama kinachotokea ndani ya plagi ya E3. Ina sehemu tatu za chuma zilizotenganishwa na pete nyeusi. Ile ya chini, iliyo karibu na mpini, ni ya pamoja. Ya katikati ni fokasi. Ncha ni shata. Ukibonyeza rimoti nusu, risiva inaunganisha ya chini na ya katikati, na kamera inatafuta fokasi. Ukibonyeza mpaka mwisho inaunganisha na ncha pia, na kamera inapiga. Lakini kamera iliyowekwa kwenye fokasi ya otomatiki ya mara moja haipigi mpaka fokasi ishike. Ukuta mweupe, giza, kitu kilicho karibu mno na lenzi: vyote huifanya kamera ikatae, na lawama inaangukia rimoti.

Dawa: weka fokasi kwa kitufe cha kamera, kisha sogeza swichi ya lenzi kutoka AF (fokasi ya otomatiki) kwenda MF (fokasi ya mkono). Jaribu rimoti tena. Ikipiga, rimoti haina kosa.

Isipopiga, chunguza modi ya upigaji. Risiva ya waya inafanya kazi katika modi ya kawaida ya picha moja moja. Infraredi na Bluetooth, kwenye Canon nyingi, zinataka modi yenye alama ya taima na rimoti. Ukisahau hilo, kamera haisikii kabisa.

Bado? Tenganisha waya na risiva. Acha upande mmoja umechomekwa kwenye kamera, iliyowashwa na lenzi ikiwa MF. Ikiwa upande wa pili ni plagi ya milimita 2.5, chukua klipu ya karatasi na ugusanishe sehemu zote tatu za plagi hiyo kwa pamoja. Kwa Canon, Nikon, Fujifilm na Pentax, kamera inapaswa kupiga. Umeme uliopo hapo ni mdogo, wa volti chache, na kugusanisha ndicho hasa kinachofanywa na kitufe cha rimoti. Ikipiga, waya na kamera ni wazima, mbovu ni risiva. Isipopiga, shuku waya kwanza. Usijaribu mchezo huu kwenye tundu la flashi. Flashi za zamani zinaweza kuwa na volti zaidi ya mia kwenye nyaya zake.

Simu yangu inatosha kuwa rimoti?

Inatosha kwa chakula mezani, picha za bidhaa, kamera iliyo juu ya nguzo ndefu, au popote unapohitaji kuona fremu kabla ya kupiga. Canon hutumia programu ya Camera Connect, Nikon SnapBridge, Sony Creators' App, Fujifilm XApp. Unaweza kubadilisha kasi ya shata, uwazi wa lenzi na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) bila kuigusa kamera, na kugusa skrini ili fokasi iende pale unapotaka.

Kuunganisha ndiko kunakochosha. Kamera hutengeneza mtandao wake wa Wi-Fi na simu hujiunga nao. Simu ikigundua mtandao huo hauna intaneti, inauacha kimyakimya na kurudi kwenye data au kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ndiyo maana muunganisho unakufa baada ya sekunde kadhaa bila sababu ya kuonekana. Zima data ya simu kabla ya kuanza, na ujumbe wa "hakuna intaneti" ukitokea, chagua kubaki kwenye mtandao huo. Kwenye Android 6 hadi 11, programu haiwezi kuitafuta kamera kwa Bluetooth bila ruhusa ya mahali ulipo. Ukiinyima, orodha ya kamera inabaki tupu.

Kumbuka mambo mawili zaidi. Picha inayoonekana kwenye simu huchelewa kidogo, kwa hiyo mpira ukipigwa au mtoto akiruka, unachokiona kimeshapita. Na betri ya kamera huisha haraka, kwa sababu sensa, skrini na redio ya Wi-Fi vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Beba ya pili.

Kwa kazi ya studio isiyovumilia kukatika, waya wa USB mpaka kompyuta bado unaishinda Wi-Fi. Si rimoti isiyo na waya, lakini ukweli usemwe.

Rimoti za Bluetooth je?

Canon ina BR-E1, Nikon ML-L7, Sony RMT-P1BT. Kila moja inaunganishwa mara moja, kisha inakumbukwa. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji kuona kidirisha: unaweza kuwa nyuma, pembeni, au mkono ukiwa mfukoni. Umbali wa BR-E1 ni takriban mita 5, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya ndege.

Hatua za kuunganisha hufanana: fungua Bluetooth kwenye menyu ya kamera, chagua kuunganisha rimoti, kisha kwenye rimoti shikilia kitufe au vitufe kwa sekunde kadhaa kama kijitabu kinavyoelekeza. Ikigoma, sababu ya kawaida ni kwamba simu yako imeshaishika Bluetooth ya kamera. Zima Bluetooth ya simu, jaribu tena.

Nataka kupiga nyota, au mfululizo wa picha kila baada ya muda. Nichague nini?

Chagua rimoti yenye skrini ndogo na hesabu ya muda. Nyingi za redio zinauzwa hivyo. Kabla ya kununua angalia menyu ya kamera. Nyingi za siku hizi zina kipengele hicho ndani. Cha ndani kinatosha kwa mfululizo wa kawaida. Rimoti inabaki na faida kwenye modi ya B, ambayo shata hubaki wazi mpaka uamuru ifungwe, unapotaka picha ya dakika 4 au 10 ambayo kamera peke yake haikuruhusu kuiweka.

Hesabu inayowaangusha wengi ni hii. Sekunde 30 zilizoandikwa kwenye kamera kwa kawaida ni 32. Kasi za shata huenda kwa kuzidisha mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, na maandishi ya 15 na 30 ni ya kukumbukika kirahisi tu. Ukiweka kamera kwenye sekunde 30 na rimoti ikafyatua kila baada ya sekunde 30, amri ya pili inafika shata ikiwa bado wazi. Kamera inaipuuza na kungoja ya tatu. Asubuhi unakuta nusu ya picha hazipo, na nyota zimekatika vipande vipande. Weka sekunde 34 au 35.

Zima pia kipengele cha kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu. Kikiwa kimewashwa, kila baada ya picha ya sekunde 30 kamera hupiga nyingine ya giza ya muda uleule, na rimoti haijui.

Rimoti zenyewe hazihesabu kwa namna moja. Nyingine huhesabu tangu mwanzo wa picha hadi mwanzo wa inayofuata, nyingine tangu mwisho hadi mwanzo. Njia ya kujua: kamera kwenye B, weka picha ya sekunde 5 na muda wa sekunde 10, piga tano, kisha soma saa iliyoandikwa kwenye kila faili. Zikiachana kwa sekunde 10, inahesabu mwanzo hadi mwanzo. Zikiachana kwa 15, inahesabu kutoka mwisho.

Kwa picha ndefu ya B kupitia redio, usishikilie kitufe kwa dakika nne. Rimoti nyingi huiacha shata wazi zenyewe ukishikilia kitufe sekunde tatu hivi, kisha ukibonyeza tena shata inajifunga. Ijaribu mchana kwanza.

Naweza kufyatua kamera mbili au tatu kwa pamoja?

Ndiyo, kwa redio. Nunua risiva moja kwa kila kamera na uziweke zote chaneli moja na rimoti. Vifaa vyenye swichi nne ndogo ndani ya mlango wa betri vina mipangilio 16. Swichi zote nne lazima zifanane kila upande. Weka fokasi ya mkono kwenye kamera zote, la sivyo kila moja itapiga muda wake. Hata hivyo kamera za modeli tofauti hazitafunguka kwa wakati mmoja kabisa, kwa sababu kila moja ina ucheleweshaji wake wa ndani.

Kifaa cha kufyatua flashi ndicho hichohicho?

La, ingawa vinafanana kwa sura. Cha flashi kinakaa juu ya kamera na kutuma ishara kwenye flashi iliyo mbali. Cha kamera kinapokea ishara na kufungua shata. Vipo vinavyofanya yote mawili, kama Yongnuo RF-603, lakini ili kufyatua kamera bado unahitaji waya wa ubavuni.

Kamera inalala nikiwa mbali. Nifanyeje?

Risiva ya waya kwa kawaida huiamsha: bonyeza nusu, subiri sekunde moja, kisha bonyeza mpaka mwisho. Ukibonyeza mpaka mwisho papo hapo, amri ya kwanza inaweza kupotea katika kuamka.

Infraredi haiwezi kuamsha kamera iliyolala. Kwenye Nikon nyingi zinazotumia ML-L3 kuna mpangilio wa muda ambao kamera inaendelea kuisubiri rimoti: dakika 1, 5, 10 au 15. Ukiuacha kwenye 1, utakuwa ukitembea kwenda na kurudi. Risiva yenyewe pia inaweza kulala au kuisha betri, hasa ukiisahau imewashwa ndani ya begi.

Picha za rimoti zinatoka na mwanga tofauti. Kwa nini?

Kama kamera yako ni ya kioo (DSLR), mwanga unaingia kwa nyuma kupitia kitundu cha kutazamia na kudanganya kipimo. Jicho lako ndilo linalokiziba siku zote, na sasa haliko. Ziba kwa kifuniko kidogo cha raba, ambacho kwa Canon nyingi kiko kwenye mkanda wa shingoni, au kwa kitambaa cheusi. Kamera zisizo na kioo hazina tatizo hili.

Betri zipi, na zina mitego gani?

RC-6 na BR-E1 hutumia CR2032, ML-L3 hutumia CR2025. Zote zina upana wa milimita 20, ila moja ina unene wa milimita 3.2 na nyingine 2.5. Ile nyembamba ikiwekwa mahali pa nene hucheza, na rimoti inafanya kazi ukiitikisa tu. Risiva nyingi za redio hutumia AAA. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, nyingi zinakubali, lakini umbali unaweza kupungua. Ukiweka vifaa kabatini kwa miezi, toa betri. Alkalini ikivuja, unga wake mweupe hula vibati vya mguso.

Jana ilifanya kazi, leo imegoma. Nianzie wapi?

Fuata mpangilio huu, usiruke. Piga picha kwa kitufe cha kamera chenyewe. Kama nacho hakifanyi kazi, huenda kadi imejaa au lenzi haijakaa. Weka MF. Tazama modi ya upigaji. Chomoa waya, upulize tundu, chomeka tena mpaka usikie unashika. Badilisha betri za pande zote mbili, si rimoti peke yake. Linganisha chaneli. Zima Wi-Fi na Bluetooth za kamera. Simama mita moja kutoka kwenye kamera ujaribu. Ikipiga kwa mita moja na ikagoma kwa kumi, kifaa ni kizima, tafuta kizuizi au mwingiliano. Isipopiga hata kwa mita moja, rudi kwenye klipu ya karatasi.